Mwezi Ulipatwa, Nami Nimevaa Kinyago cha Fundi

Mimi ndiye yule mjane aliyetazama mwezi ukipatwa huku amevaa kinyago cha kuchomelea vyuma.

Majirani walicheka. Sikujali. Siku zile sikuwa najali chochote.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kichaa wa mambo ya anga. Vimondo, sayari kukaribiana, tarehe zote alikuwa nazo kichwani. Jua lilipopatwa, mtaa mzima ulipanga foleni karakanani kwake kuchungulia kwa kioo cheusi cha kinyago chake.

Akaniambia, "Mama watoto, mwakani zamu ya mwezi. Huo tutautazama sisi wawili tu."

Hakuufikia. Homa ilimlaza kidogo tu, ikamchukua.

Sikutoa chozi, hata kaburini. Nilikufa ganzi mwili mzima.

Maneno hayakukawia. Shemeji yangu akasema mbele za watu, "Mke asiyelia ana lake jambo." Kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili: nifungashe virago, watoto wabaki kwao.

Jioni ya mwezi kupatwa nikatoka uani na kinyago chake. Nikakivaa. Giza tupu.

Mama mkwe akanifuata. Tangu msiba alikuwa haniongeleshi.

"Unaona nini humo?"

"Sioni kitu, mama."

"Vua. Hicho ni cha jua. Mwezi hutazamwa kwa macho matupu."

Nikavua. Mwezi ulikuwa mwekundu kama chuma kinachopoa. Nilijua ni mzuri, ila haukunigusa.

"Mbona hulii, mwanangu?"

"Hayaji, mama. Nimejaribu."

Akakaa chini.

"Mimi pia hayajanitoka."

Nikamgeukia. Mama huyu ndiye aliyelia msibani mpaka akashikiliwa asianguke.

"Zile zilikuwa kelele tu," akasema. "Niliogopa watanisema, kama wanavyokusema wewe."

Jumapili hakungoja kuulizwa. Aliyarudia yale yale mbele ya ukoo mzima, kisha akamwambia shemeji, "Kama ni kufukuzwa, anza na mimi mama yako."

Kikao kikaishia hapo, na wanangu ninao hadi leo.

Jamani, msimpime mfiwa kwa machozi. Wengine msiba unawakalia mahali ambapo machozi hayafiki.

Mimi mpaka sasa sijalia. Ila kitandani bado nalala upande wangu tu.