Bakuli Chini ya Blanketi

Leo nimefungua pakiti ya hamira, na harufu yake imenirudisha nyumbani Rhotia.

Baba alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii Ngorongoro. Akija likizo alitupikia piza kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mama alikanda unga. Kwa sababu ya baridi ya kwetu milimani, baba alijilaza na bakuli tumboni, akajifunika blanketi ili unga uumuke haraka.

“Msinichekeshe,” alisema, “nitalimwaga!”

Likizo ya mwisho alirudi amekonda, anakohoa. Bado alilidai bakuli lake. Tulisubiri mpaka makaa yakawa majivu. Mama alipofunua blanketi, donge lilikuwa vilevile, la baridi.

“Hamira imeharibika,” mama alisema, bila kututazama.

“Ndiyo, mama watoto,” baba akaitikia. “Hamira za siku hizi!”

Alfajiri, baba akiwa bado amelala, mama alikanda maandazi kwa hamira ileile, akanipa mimi bakuli nijilaze nalo tumboni. Unga uliumuka hadi ukaanza kuliinua blanketi. Nilipogeuka, baba alikuwa macho kitandani kwake, ananitazama.