Chungu Ambacho Hakikuiva

Shangazi yangu anatengeneza karatasi nyuma ya nyumba, hapa Ediofe, na mimi ninafanya naye kazi tangu nilipomaliza shule ya msingi. Tunapika vipande vya mkaratusi kwa maji ya majivu, tunavitwanga kwenye kinu mpaka viwe uji, halafu tunautandaza juu ya wavu ukauke. Karatasi hiyo tunaikunja kuwa mifuko.

Mnunuzi wetu alikuwa mmoja tu, mama wa Sudan Kusini anayeuza njugu katika soko la Koboko. Mifuko ya kwanza ilimchanikia mbele ya wateja. Akaja mwenyewe.

"Mifuko yako iko kama chapati, mama," alimwambia shangazi. "Mutu anabeba mufuko, njugu inabaki chini. Nakuja tena siku ya soko. Kama iko bado hivi, narudi kwa plastiki."

Angetuacha, kazi ingekufa, nami ningerudi kijijini Adumi kulima.

Kwetu maji ya majivu ni ya jikoni. Ukiyatia kwenye maharagwe, yanalainika upesi. Kwa hiyo shangazi alikipima chungu cha vipande vya mti kama cha maharagwe: alibonyeza kipande kwa vidole, na kisichopondeka alikirudisha motoni. Safari hii tulipika zaidi, kutwa nzima, mpaka rundo la kuni likabaki chini kabisa. Karatasi ikatoka laini, ikachanika nilipoiinua tu.

Chungu cha mwisho kilikosa kuni. Vipande vililala ndani ya maji ya majivu, na kesho yake nikavipika kwa vijiti vilivyobaki. Moto ukafa mapema.

"Hiyo haijaiva," shangazi alisema. "Utavunja kinu changu."

Sikujua la kufanya, nikatwanga. Nilitwanga hata mabega yakauma, na vile vipande vikafunguka vikawa nyuzi, nyuzi zikaota manyoya. Karatasi ilipokauka niliivuta kwa mikono miwili. Ikakataa. Nikaivuta tena. Mahindi ukiyatwanga yanakuwa unga, mihogo vilevile. Hii kwa nini inashikana?

Siku ya soko yule mama alirudi, akajaza njugu kwenye mfuko wa karatasi hiyo, akauinua, akauning'iniza kwa kidole.

"Hii iko nguvu! Bwana yangu angekuwa hivi!" Akacheka. "Leta ingine. Lakini kama hii hii."

Alipoondoka, shangazi alinigeukia. "Ulifanya nini?"

Labda ni kule kulala majini. Labda moto mdogo. Labda kutwanga.

"Sijui, shangazi."

"Hujui? Na mikono iko ya nani?"

Alikuwa amenunua kuni mpya, na tayari alikuwa anazipanga chini ya chungu, nyingi kama kawaida.

"Weka kidogo," nilisema.

"Kidogo namna gani?"

Nilimwonyesha vijiti vichache mkononi, kisha nikapunguza kimoja. Shangazi akavuta gogo kubwa kutoka chini ya chungu, akaliegemeza ukutani, akanipa mchi.