Shoga Yangu Aliniuzia Nyumba ya Baridi, Yeye Akahamia Kwenye Joto

Admin, jina langu lifiche kabisa, na majina ya humu nimeyabadilisha, maana huyu ninayemsema anausoma ukurasa huu kila siku, na mimi na yeye bado tunasalimiana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mtanga, nesi hapa London. Nina mume na watoto wawili. Tulikuwa wapangaji miaka mingi, mpaka shoga yangu, nimwite Zuhura, aliposema anauza nyumba yake ya mtaa wa Kenton anahamia mtaa wa Stanmore kwenye nyumba mpya. Zuhura nimekula naye sahani moja tangu tuko wageni nchi hii. Nikasema heri ninunue kwa mtu ninayemjua.

Tulipokwenda kuiangalia ilikuwa majira ya joto, kuta zinanukia rangi mpya. Nikamuuliza mbele ya mume wangu, "Shoga, baridi vipi humu? Insulesheni ipo?" Ile sufi inayojazwa kwenye kuta na darini ili joto lisitoke. Akacheka. "Mama Nasra, humu baridi utaisikia kwa jirani tu. Kila kitu kimewekwa."

Mkaguzi alipita, lakini kuta hakuzitoboa, na tundu la kupandia darini lilikuwa limezibwa na mizigo yake ya kuhama. Tukanunua.

Jamani, baridi ilipoingia! Hita inawaka kutwa, ukiizima tu joto limeshaondoka. Ukuta wa chumba cha watoto unatoka jasho, ukungu mweusi ukachomoza kwenye ile rangi. Idrisa wangu, kitinda mimba, akaanza kukohoa. Tukaita mafundi. Kuta tupu, darini tupu.

Nikajipa moyo kuwa labda Zuhura naye hakujua. Siku moja jirani yangu, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza ambaye Kiswahili chake kimenyooka, aliniona nimejifunga blanketi natoa takataka. Akaniambia, "Pole mwanangu. Mwenzio alikuwa anakuja kwangu kuota moto. Mafundi walimwambia kuta hazina kitu, akaona bora auze."

Nilirudi ndani nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Lakini niseme ukweli, kinachoniuma si baridi peke yake. Ni Stanmore. Nje kuna theluji, Zuhura anakufungulia mlango amevaa dera jepesi, miguu mitupu. Mume wangu akifika kule anavua koti, anavua sweta, anacheka kicheko ambacho kwangu sijakisikia tangu tuhamie. Siku moja akasema, "Hapa ndipo pa kuishi watu." Zuhura akamwongeza chai huku ananiangalia. Lile joto limenunuliwa kwa pesa ya nyumba yangu! Sasa akituma picha kwenye grupu nazikuza kwa vidole nione kabadilisha nini, halafu siku yangu nzima imeharibika.

Nilimfuata jikoni kwake nikamwambia yote. Hata hakuacha kukatakata vitunguu. "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Ungekagua vizuri. Sema tu una wivu, Mama Nasra." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, kwa sababu wivu ninao.

Nikaenda kwa wakili. Akanieleza kuwa hapa muuzaji akinyamaza tu, mzigo ni wa mnunuzi. Ila ukimuuliza waziwazi akakudanganya huku anajua, hapo una kesi. Bibi jirani yuko tayari kusema aliyoyasikia. Wakili akaniuliza nani alisikia lile jibu la Zuhura. Nikasema mume wangu.

Nilipomwambia mume wangu, aliinamisha kichwa. "Nakumbuka neno kwa neno. Lakini sitasema." Mume wa Zuhura ndiye bosi wake pale Stratford anakofanya kazi, ndiye aliyemuingiza kazini. "Unataka nikose kazi kwa sababu ya ukuta?"

Jumamosi iliyopita tulialikwa tena. Wakati wa kuondoka Idrisa alimng'ang'ania Zuhura kiunoni, nilipomwita akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba harudi, kwa anti kuna joto. Watu wakacheka. Zuhura akampapasa kichwa, akasema mbele ya wote, "Mwache alale hapa, kwenu kuna baridi, mtoto atakohoa."

Amesema kwa mdomo wake! Mume wangu alisikia, nikamtazama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Nikamwacha mwanangu pale nikarudi nyumbani mikono mitupu, na aibu ya kwamba kweli atalala vizuri kuliko kwangu.

Ndugu zangu, nikishitaki napoteza shoga, na labda kazi ya mume wangu, na watu watasema ni wivu. Nikinyamaza, Zuhura anabaki na joto, na sasa anabaki na mwanangu pia. Wivu ukiwa na haki ndani yake, mtu aufuate au auzime? Nipeni ushauri, ila msinitukane.