Gazeti Nyuma ya Mfuko

Mzee Nzomo alipanga chumba cha mwisho kwenye ploti yetu, Waithaka, mwaka jana, baada ya figo zake kukataa kazi. Zamani alikuwa akitengeneza taipureta kule Hurlingham, hadi ofisi zote zikanunua kompyuta. Mkewe alishafariki. Mwanawe wa pekee, Kitheka, anaishi Mombasa, na simu yake huita tu.

Mara nne kwa siku mzee alifunga mlango na dirisha, akajifunga kitambaa mdomoni na puani, akanawa mikono hadi mimi, niliyechungulia kwenye kioo, nikadhani ngozi itabanduka. Kisha aliunganisha mfuko wa maji ya dawa na mrija uliotoka tumboni mwake. Maji ya zamani yakatoka na uchafu ambao figo zilishindwa kuchuja, mapya yakaingia. Hakuna aliyeruhusiwa ndani wakati huo. Kina mama wa kanisa walikuja mara mbili, wakabisha, wakasubiri nje, wakachoka. Walisema anaringa.

Mimi sikuchoka, maana nilikuwa na maswali mengi. Aliniita Daktari. Akimaliza alifungua dirisha, akainua mfuko wa maji yaliyotoka na kuweka gazeti nyuma yake, nami nikasoma kwa sauti, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Maandishi yakisomeka, maji ni safi. Yasiposomeka, bakteria wameingia tumboni. Walikuwa wameshaingia mara mbili, na hospitalini aliambiwa wakirudi tena mrija utatolewa, awe anaenda kule kwenye mashine ya kusafisha damu. Hilo aliliogopa kuliko maumivu. Alisema chumbani yuko peke yake lakini ni kwake. Kule atakuwa peke yake katikati ya watu.

Jumamosi moja ya Julai nilikuwa nafua uani, nikamwona mwanamume, ambaye baadaye nilijua ni Kitheka, akiingia kwa Mzee bila kubisha. Alikaa dakika ishirini, akasema kuna gari linamngoja, akaenda.

Jumatatu nilipotoka shule dirisha lilikuwa wazi. Mzee alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo. Alijikokota hadi dirishani, akainua mfuko. Maji yalikuwa kama yale yaliyooshewa mchele.

"Soma, Daktari."

Nilijua anataka niseme nini. Nilikodoa macho nikitafuta hata herufi moja ya kichwa cha habari.

"Sioni kitu, Mzee."

Aliteremsha gazeti polepole, akalikunja.

"Jumamosi nilikuwa nimeshanawa," akasema. "Kitheka akaninyooshea mkono. Miaka mitatu sijamwona. Nikinawa tena mbele yake, si ataona nimemfanya kama uchafu? Nikaunganisha mfuko hivyo hivyo."

Mama alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, na ule mfuko ndani ya karatasi ya nailoni ili maji yapimwe. Alilazwa wiki mbili; Mama alimpigia Kitheka, simu ikaita tu. Dawa zilishusha homa, lakini mrija ulitolewa.

Siku hizi huondoka Jumanne na Ijumaa kwenda kwenye mashine, kabla sijaenda shule. Mlango wake hushinda wazi, na hakuna anayekatazwa kuingia. Nilienda kuwaambia kina mama wa kanisa. Walisema watapanga siku.

Jana nilimsalimia kwa mkono kwa mara ya kwanza. Aliushika mkono wangu muda mrefu, akiutazama, kisha akaniuliza kama Kitheka amempigia mama yangu simu.