Kuku wa Mama Recho Mnadani

Tangu alfajiri Pelagia hakukalika. Alivaa kitenge kipya, akapanda boti ya abiria kutoka kisiwa cha Rukuba kwenda parokiani Murangi akiwa amempakata tetea wake wa madoadoa, na njia nzima habari ilikuwa injini, injini, mpaka wenzake wakaomba poo.

Ni mjane, ameanika dagaa kwa miaka ishirini na sita, mwenye sauti inayofika kambi ya pili bila simu. Mwaka juzi bintiye Recho alishikwa na uchungu wakati boti zote zenye injini zimekwenda kuvua. Wakapiga kasia. Mtoto akazaliwa katikati ya ziwa, juu ya nyavu mbichi. Alipona, lakini hofu ile haijamtoka bibi yake. Sasa Recho ana mimba nyingine, ya miezi minane. Ndiyo maana kampeni ya mwaka ya matendo ya huruma ilimkaa Pelagia rohoni: zahanati ya masista ina boti ya wagonjwa, haina injini, na leo ndiyo siku ya kufunga michango.

Baada ya misa matoleo yakapangwa uwanjani: mihogo, mikungu ya ndizi, sangara wa kukaushwa, mbuzi wawili. Katekista Pastory akaanza kunadi. Tetea wa Pelagia akanunuliwa na Gody, muuza mabati wa Bunda aliyezaliwa hapahapa. Pelagia akavimba kwa furaha. Mara Gody akamnyanyua kuku juu. "Namrudisha!"

Damu ikamchemka Pelagia, nami simlaumu. Mnada wa kanisa ulikuwa haujafika kisiwani, na kwao aliyerudishiwa kuku ametukanwa.

"We mwanangu, kuku wangu ana nini? Hajaumwaga hata siku moja! Kama vya kisiwani huvitaki, sema!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Pastory akamkimbilia. "Mama Recho, tulia. Hapa tunarudishaga. Gody ameshalipa, hela imeingia kwenye injini. Sasa kuku anauzwa tena."

"Kuku huyuhuyu?"

"Huyohuyo."

"Na hela ya Gody hairudi?"

"Hairudi, mama."

Pelagia akamnyang'anya Gody kuku, akapanda juu ya benchi, na kazi ya kunadi ikawa yake.

"Haya! Nani mwingine anamtaka, halafu hamtaki?"

Happyness, fundi cherehani wa Musoma, akanunua, akarudisha. Wavuvi wakachanga, wakarudisha. Mzee Felisian, mwalimu mstaafu ambaye ubahili wake unajulikana mpaka Butiama, alijifanya anasoma kitabu cha nyimbo. Pelagia akashuka, akaenda kumsimamia na kuku mkononi. Akasimama tu, akimwangalia, watu wakipiga vigelegele, mpaka mzee akacheka mwenyewe na kuingiza mkono mfukoni. Kuku yule aliuzwa mara tisa. Mara ya tisa masista wakaondoka naye, na nadhani naye alikuwa amechoka kushikwashikwa.

Padri akasimama. "Ndugu zangu, injini tunayo!"

Watu waliruka. Pelagia hakuruka. Alikaa chini na kitenge chake kipya, akalia kwa furaha bila kujificha.

Wiki nne baadaye Recho akashikwa na uchungu mchana, upepo ukiwa mkali. Pelagia akapiga simu zahanati. Boti ikaja ikiunguruma, ikawachukua, na muda wa saa moja hivi wakawa ng'ambo.

Jioni ile jirani yake Wegesa akapiga simu kutoka kisiwani. Hakuuliza ni wa kike au wa kiume.

"Amezaliwa wapi?"

"Kitandani!" Pelagia alipaza sauti mpaka muuguzi akamtaka anyamaze. "Kitandani, Wegesa! Kitanda kina shuka!"