Vidole Vilivyobaki Begani

Harufu ya gundi hunirudisha mtaani kwetu Ngagara, siku ya Idi. Baba alitupanga ukutani mstari mrefu, akapiga picha tatu kwa aparei, kamera yake. Zilipotoka, alinifundisha kuziunganisha ziwe picha moja ndefu: moja ipande kidogo juu ya nyingine, ziada ikatwe kwa wembe.

Pichani bibi, mama yake baba, alikuwa amesimama kando yangu, mkono begani mwangu, pekupeku, kitenge kimepauka. Nilitaka kuwaonyesha picha hiyo wenzangu wa shule. Nikakata zaidi, upande wake.

Bibi aliipitishia kidole, uso hadi uso.

“Mi niko wapi, mutoto yangu?”

“Aparei ya baba ilikosea, bibi.”

“Apana shida,” akacheka.

Kidole chake kikafika begani mwangu, palipobaki vidole vyake vinne. Kikatulia hapo.