Matairi Yenye Kelele

Fundi wa matairi hafanyi kazi bila kupiga mluzi. Kila tairi hulipapasa kwa kidole gumba huku amefumba macho, kama anayetafuta jipu, na hakuna mteja asiyetaniwa. "Bwana mkubwa, haya ya lami kwenye tope ni sabuni. Utaoga bila maji!" Dada wa bwana mkubwa huyo amekaa kwenye kigoda, kofia ya pikipiki ya kaka yake mapajani. Kaka mtu anayataka hayo hayo ya lami. Safari karibu yote ni lami, anasema, isipokuwa ule mteremko wa udongo juu ya korongo, kilomita nne tu.

Mluzi ukakatika. "Mvua imenyesha huko?" Imenyesha. Fundi akafuta mikono mara mbili, akaangusha spana, kisha akatungua ukutani jozi ya matairi mapya yenye meno makubwa, yale ambayo kila mteja huambiwa hayauzwi, yana mwenyewe.

"Si ulisema yana mwenyewe?" dada akauliza.

"Aliyakataa. Alisema yanapiga kelele kwenye lami." Fundi hakumtazama. "Naye alikuwa anapita huko huko, dada yangu. Kilomita nne tu. Hakufika."

Kaka akaisogeza pikipiki, yakafungwa yale yenye meno. Pikipiki ilipoondoka, matairi yalivuma barabarani kama nyuki. Fundi alisimama mlangoni, kidole midomoni kumwashiria dada asiseme neno. Walisikiliza mpaka kelele ikapotea kabisa, na hata hapo hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kugeuka.